Msaada: stupa ya India iligeukaje pagoda ya China na Japani? (modeli za maonesho, Mwanza)

Nyegezi_Ramani

Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha wanafunzi wa ujenzi hapa Nyegezi kinaandaa modeli za maonesho kuhusu majengo ya ibada ya Asia. Upande wa Wahindu hatuna shida, mahekalu yao yapo mjini tunaweza kwenda kuyaangalia. Tunakokwama ni kwa Wabudha. Ukurasa mmoja unatuonesha stupa ya Sanchi, India, tuta kubwa la duara lisilo na mlango, na unaofuata unatuonesha mnara wa mbao wa ghorofa tano Japani, halafu tunaambiwa huo ni ukoo mmoja. Ukoo huo unapita wapi? Na kwa upande wa kazi: tutumie kipimo gani ili modeli zote zikae meza moja, na ni wapi watu huwa wanakosea? Vifaa tulivyo navyo ni mbao za siprasi na paini, udongo wa mfinyanzi, jasi, na mawe yetu haya ya milimani.

Mwl_Capripoint

Kijana, ukoo unapita kwenye mlingoti. Mkishaushika huo hampotei tena.

Stupa asili yake ni kaburi la masalia ya Budha au ya watawa wake, si ukumbi wa watu kuingia. Ya Sanchi ilianzishwa kwa tofali wakati wa mfalme Ashoka, karne ya 3 KK. Karne iliyofuata ikakuzwa na kuvishwa mawe, na malango manne yakaongezwa mnamo karne ya 1 KK. Leo kipenyo chake ni mita 36.6 na kimo mita 16.5 hivi, bila kuhesabu kilichopo kileleni. Anzeni chini kwenda juu: jukwaa la duara, kuba lililojaa hadi ndani na kukatwa bapa juu, uzio mdogo wa mraba juu ya ubapa, mlingoti katikati ya uzio, na miavuli mitatu ya mawe kwenye mlingoti. Mwavuli India ulikuwa alama ya mfalme, kwa hiyo masalia yalipewa heshima ya kifalme.

Sasa angalieni uzio mkubwa wa chini, wenye kimo cha zaidi ya mita 3. Msiupite haraka, maana ndani yake kuna historia nzima. Ni wa mawe lakini umeungwa kiseremala: nguzo zimetobolewa matundu ubavuni, na fito za mlalo, zilizochongwa nyembamba pembeni na nene katikati, zimechomekwa humo; juu kukawekwa boriti ya jiwe yenye matundu upande wa chini inayokaa kwenye ndimi za nguzo. Mwashi hahitaji kuunga jiwe namna hiyo. Aliyetengeneza alikuwa anaiga uzio wa mbao uliokuwepo kabla. Hata michoro ya lango la kusini, maandishi yaliyo pale yanasema kazi mojawapo ilifanywa na wachonga pembe za ndovu wa Vidisha. Kila mahali Ubudha ulipofika mtaona jambo hilo: umbo la kifaa cha zamani linabaki ndani ya kifaa kipya.

Kutoka hapo umbo lilielekea kaskazini-magharibi, Gandhara, Pakistani ya leo. Huko, kama Takht-i-Bahi na Taxila, jukwaa likawa la mraba na kupandishwa, kuba likarefushwa, na miavuli ikaongezeka ikawa mnara mwembamba juu ya kuba. Ubudha ulipoingia China karne ya 1 BK ukakuta Wachina tayari wanajenga minara ya mbao ya ghorofa nyingi. Wakachukua mnara wao, wakausimamisha juu ya masalia, na stupa yenyewe wakaipunguza ikakaa kileleni; hiyo ndiyo pagoda. Chukueni picha kali ya kilele cha pagoda yoyote ya Japani: mtaona kisanduku cha mraba, bakuli lililofunikwa, halafu pete tisa za shaba kwenye nguzo. Kuba, mlingoti na miavuli ya India vyote vipo pale juu.

Pale Horyuji, Nara, mlingoti huo unashuka kutoka kwenye pete hadi chini kabisa. Pagoda ina kimo cha mita 32.5, ghorofa tano, na ghorofa ya juu ina upana wa nusu ya ile ya chini. Hakuna sakafu za kukaa watu, ghorofa ni za kuonekana kwa nje. Pete za mti zinaonesha mlingoti ulikatwa mwaka 594, ingawa hekalu liliungua 670 na jengo tunaloliona lilisimamishwa baada ya hapo.

Kipimo: tumieni 1:100. Sanchi itakuwa kipenyo sentimita 36.6 na kimo 16.5, Horyuji sentimita 32.5, pagoda ya mbao ya Yingxian, China, ya mwaka 1056, sentimita 67. Kosa linalojirudia ni kulifanya kuba la Sanchi nusu duara kamili. Mkifanya hivyo uzio wa juu hauna pa kukaa. Kosa la pili ni malango: hayapo kwenye mstari mmoja na uzio. Uzio unajikunja mbele ya kila lango, hivyo anayeingia analazimika kugeuka kushoto na kuizunguka stupa ikiwa mkono wake wa kulia. Lango lililo wazi moja kwa moja kuelekea kuba linaharibu maana ya jengo.

Dada_Pasiansi

Mwalimu amelieleza tuta na mnara vizuri, ila ningeomba msisahau kwamba hekalu la Kibudha lina mzizi wa pili, nao ni ukumbi. Watawa walihitaji pa kukaa wakati wa masika, na waumini walihitaji pa kukusanyika. Ndiyo maana India magharibi wakachonga miambani. Karle, karibu na Lonavala, ukumbi wa mnamo karne ya 1 BK una urefu wa mita 38 hivi, nguzo 37, mwisho wake umepinda nusu duara na stupa ndogo imesimama hapo ili watu waizunguke ndani. Darini zimepachikwa mbavu za mbao za msaji ambazo hazibebi kitu chochote, maana dari ni mwamba. Ni ule ule uigaji wa mbao. Pembeni mwa kumbi kama hizo kuna makazi: ua wa mraba katikati na vyumba vidogo kuuzunguka. Ajanta yapo mapango 30 hivi ya aina zote mbili.

Mkishajua mizizi miwili, mpango wa hekalu lolote mnaweza kuusoma kwa kuuliza: stupa ipo wapi, na ukumbi wa sanamu upo wapi? Japani inaonesha jambo hili waziwazi. Shitennoji ya Osaka, iliyoanzishwa 593, pagoda iko mbele na ukumbi nyuma yake kwenye mstari mmoja. Horyuji vimekaa ubavu kwa ubavu, pagoda magharibi na ukumbi mashariki. Yakushiji ukumbi umekaa katikati na pagoda zimekuwa mbili, moja kila upande. Masalia yanasogea pembeni, sanamu inashika katikati. Modeli tatu za kadibodi za mipango hiyo, bila hata kujenga kuta, zitafundisha kuliko picha ishirini.

Kusini ni habari nyingine. Sri Lanka waliendelea na tuta lenyewe wakalikuza kupita kiasi: Jetavanaramaya ya Anuradhapura, ya mfalme Mahasena, ilifikia mita 122 hivi, kwa tofali zinazokadiriwa kuwa milioni 93. Adui yake mkubwa hakuwa uzito, ni mti. Lipu ya chokaa ikipasuka na kuachwa, ndege anaacha mbegu ya mtini, mizizi inapenya kati ya tofali na kuzisukuma nje. Aliyeangalia mikuyu ilivyopasua mawe ya hapa Mwanza anajua nguvu hiyo.

Myanmar, pale Bagan, walifanya yote mawili: stupa iliyojaa, na hekalu lenye uwazi ndani linalobeba stupa juu ya paa. Hekalu la Ananda, 1105, ni la aina ya pili. Walijua tao la kweli la tofali zilizopangwa kikabari, kwa hiyo wangeweza kufungua korido pana. Tetemeko la Agosti 2016 liliangusha vilele vingi, na vingi kati ya hivyo vilikuwa vimejengwa upya miaka ya karibuni juu ya miili ya zamani. Kipande kigumu kilichoshikamana vibaya na kuta za chokaa hakichezi pamoja nazo ardhi inapotikisika.

Thailand na Laos paa ndilo linaloongea: matabaka mawili au matatu yanayopandana, na kaskazini, kama Wat Xieng Thong ya Luang Prabang ya 1560, yanashuka karibu na ardhi. Ukumbi wa kupokelea watawa wapya huzungukwa na mawe nane ya mpaka. Mkiyaacha hayo kwenye modeli, mtaalamu atawaambia ni ukumbi wa kawaida tu. Tibet wao wana kuta nene zinazopungua kadiri zinavyopanda, na paa bapa la udongo uliotwangwa, kwa sababu mvua ni chache. Msilipendekeze paa hilo kwa ukanda wetu wa ziwa.

Na mkipata safari ya Dar es Salaam, Upanga lipo hekalu la Wabudha lililoanzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka. Si kubwa, lakini mtaona kwa macho.

Nyegezi_Ramani

Shikamoo mwalimu, asante dada. Mlingoti umetufungua macho kabisa. Tuna maswali mawili. Vile vichwa vya nguzo vya Kichina vilivyopandana, vinafanyaje kazi? Tumejaribu kuvichora kwa 1:100 havionekani. Pili, kuna nchi yoyote waliojenga kwa granaiti kama yetu?

Seremala_Kirumba

Kwa 1:100 mtavunjika moyo bure, mbao itakuwa ya milimita 3. Tengenezeni seti moja tu kwa 1:10 iwekwe pembeni ya pagoda. Mfano mzuri wa kufuata ni ukumbi wa mashariki wa hekalu la Foguang, mkoa wa Shanxi, uliojengwa 857. Nguzo zake zina mita 5, vichwa hivyo vina kimo cha nusu ya nguzo, na upenu unatoka nje karibu mita 4. Kwa 1:10 nguzo ni sentimita 50 na upenu sentimita 40.

Wachina walikuwa na kanuni, na serikali ya ukoo wa kifalme wa Song iliichapisha mwaka 1103: vipimo vyote vinatokana na unene wa mkono mmoja wa mbao, yaani kipande cha mlalo kwenye kichwa cha nguzo, kimo sehemu 15 kwa upana sehemu 10. Ranzeni siprasi hadi sentimita 3 kwa 2. Hapo kila sehemu ni milimita 2, na vingine vyote mnavipata kwa kuzidisha.

Bloku kubwa inayokaa juu ya nguzo ni mraba wa sehemu 32, yaani sentimita 6.4, na kimo sehemu 20, sentimita 4. Kimo hicho kimegawanyika: sentimita 1.6 za juu ndiyo mashavu ya mfereji, 0.8 ni mwili ulionyooka, na 1.6 za chini zimechongwa kuingia ndani hadi kitako kiwe sentimita 4.8. Mkato huo wa chini unakuwa na mbonyeo mdogo, msiunyooshe kwa rula. Juu pigeni mifereji miwili inayokatana, upana sentimita 2. Bloku ndogo ni karibu sentimita 3.2 na kimo 2, zinakaa kwenye ncha za mikono. Mkono wa kwanza unaofuata ukuta una sehemu 62, sentimita 12.4, ule unaotoka nje una sehemu 72, sentimita 14.4, mkono mrefu wa ukuta unaofuata juu yake una sehemu 92, sentimita 18.4.

Sehemu ambayo karibu kila mtu anakosea ni hii. Mikono miwili inapokatana, kila mmoja unatobolewa ili uingie mwenzake, wa ukuta kina cha sehemu 10 na unaotoka nje sehemu 5. Mkono wa ukuta unatobolewa upande wa juu. Mkono unaotoka nje unatobolewa upande wa chini. Msibadilishe! Mkono unaotoka nje unabeba upenu kwa ncha yake, kwa hiyo nyuzi za juu zinavutwa na za chini zinabanwa. Ukikata juu umekata nyuzi zinazovutwa, na mbao itapasuka palepale kwenye kona ya tundu. Mafundi wale walijua hivyo bila hesabu zetu za shuleni.

Foguang ina hatua nne za kutoka nje: mbili za mikono ya kawaida, na mbili za boriti za mshazari. Boriti hizo zinafanya kazi kama mtaimbo. Ncha ya mbele inashikilia upenu, katikati imeegemea kwenye bloku, na mkia umebanwa ndani chini ya boriti ya paa. Uzito wa paa la ndani ndio unaouinua upenu. Kwa hiyo mnapopaua, anzeni juu ndani mkishuka kwenda nje. Mkianza kupanga vigae vya upenu wakati mkia hauna kitu juu yake, seti nzima inabinuka mbele. Hatua moja isizidi sehemu 30, sentimita 6.

Gundi msitumie. Viungo vikae kavu, vibane kwa uzito. Hiyo ndiyo siri ya majengo haya kwenye matetemeko: kila bloku inateleza kidogo, inasuguana na jirani yake, na nguvu inaishia kwenye msuguano. Wageni wakitikisa meza waone. Kwa modeli mnaweza kuweka kijiti cha mwanzi katikati ya bloku na mkono ili visizunguke, hata wao walikuwa na vijiti hivyo.

Kitu kingine kuhusu mlingoti wa Horyuji: ulichimbiwa ardhini, na mguu wake ukaoza. Pagoda za baadaye wakauweka juu ya jiwe, na zipo za karne za karibuni ambako unaning'inia kutoka juu bila kugusa chini. Sababu mojawapo ni kwamba mbao za ghorofa zinakauka na kubanana, jengo linashuka, lakini mlingoti mmoja uliosimama wima haupungui urefu. Mlingoti ukibaki palepale na paa likashuka, kilele kinatoboa paa la juu na maji yanaingia. Kwa modeli yenu acheni nafasi ya milimita 2 kuuzunguka kwenye kila ghorofa, usigusane na boriti yoyote.

Mawe_Igoma

Swali la granaiti nalichukua mimi. Jibu ni Korea. Watu wa fani husema China ni tofali, Japani ni mbao, Korea ni jiwe, na kwa pagoda si mbali na ukweli. Korea ina granaiti nyingi nzuri, na pagoda zao za mawe zilianza kwa kuiga za mbao: ile ya Mireuksa, Iksan, ya mwaka 639, ina nguzo za jiwe, boriti za jiwe na paa la jiwe lenye kona zilizoinuka kidogo. Baada ya muda wakaacha kuiga kila kitu wakabakiza vya lazima. Seokgatap, ndani ya hekalu la Bulguksa, Gyeongju, ina ghorofa tatu tu na kimo cha mita 8.2. Kwa nyie hiyo ndiyo ya kutengeneza kwa jiwe: vipande vichache, mistari iliyonyooka, na vijingazi vitano chini ya kila paa. Kwa 1:10 ni sentimita 82.

Jinsi ya kupata vipande: msichukue mawe yaliyopasuliwa kwa moto na wapondaji wa kokoto. Moto unapasua ovyo na unaacha nyufa za nywele ndani. Utachonga siku nzima na kona itakatika mwishoni. Tafuteni jiwe lililokatwa kwa kabari. Unatafuta kwanza mkondo wa jiwe, unatoboa matundu kwenye mstari mmoja kwa nafasi sawa, unapanga kabari za chuma, unapiga moja moja kwa zamu hadi sauti ibadilike kutoka kali kuwa nzito. Hapo acha kupiga, subiri, jiwe litajifungua lenyewe. Wakorea wa zamani walitumia kabari za mbao kavu na kuzimwagia maji zivimbe.

Lakini la kujifunza zaidi ni Seokguram, pango la kujengwa kwa mikono juu mlimani, lililoanza 751. Sanamu ya Budha ina mita 3.5 hivi, imekaa chini ya kuba la mapande ya granaiti. Kuba halina chokaa. Kati ya mapande wamepenyeza mawe marefu: kichwa kinatokeza ndani kidogo, mkia umezama nyuma kwenye kifusi, na uzito wa kifusi ndio unaozuia mapande yasidondoke. Nje lilifunikwa mawe na udongo vilivyoruhusu hewa kupita, na maji ya chemchemi yalipita chini ya sakafu. Sakafu ikawa baridi kuliko kuta, kwa hiyo unyevu wa hewa ukawa unageuka matone sakafuni, si kwenye sanamu.

Mwaka 1913 hadi 1915, wakati wa utawala wa Kijapani, lilifumuliwa na kuunganishwa upya, na nyuma ya mapande wakamimina saruji nene. Hewa ikazibwa, maji yakaanza kuvuja na kuta kutoa jasho, ukungu ukaota kwenye michongo. Miaka ya 1960 wakaongeza kuba la pili la zege juu yake. Leo sanamu iko nyuma ya kioo na mashine inakausha hewa muda wote. Mireuksa nayo sehemu iliyobomoka ilizibwa kwa zege mwaka 1915, na wataalamu walilazimika kuifumua yote na kuipanga tena, kazi iliyokamilika mwishoni mwa muongo uliopita.

Nayaandika haya kwa uchungu kwa sababu hapa kwetu kila jiwe linalolegea tunalikimbilia kwa mfuko wa saruji. Ukuta wa mawe ulio kwenye mteremko unahitaji njia ya maji kwanza. Hata stupa ya Borobudur kule Java, iliyopangwa kwa mawe bila chokaa juu ya kilima, iliharibika kwa sababu maji ya mvua yaliingia kwenye kifusi na kusukuma kuta nje. Matengenezo makubwa ya 1973 hadi 1983 yalifumua ngazi za mraba, yakaweka mifereji na tabaka la kuzuia maji nyuma ya mawe, kisha yakarudisha kila jiwe mahali pake.

Nyegezi_Ramani

Tumeamua: Sanchi na Horyuji kwa 1:100, seti moja ya Foguang kwa 1:10, na Seokgatap ya granaiti. Kuba la Sanchi tulikuwa tunataka kulimimina jasi tupu, ni sawa? Na mbao tukate lini, maonesho yapo ukumbi wa karibu na ziwa?

Mwl_Capripoint

Jasi tupu la kipenyo hicho litakuwa zito mno na linaweza kupasuka. Jengeni kiini kwa vipande vya tofali na udongo, kikauke kabisa, ndipo mpake jasi la sentimita 1 kwa tabaka mbili. Hata Sanchi kiini ni tofali na jiwe ni vazi tu. Acheni kipande kimoja cha robo wazi ili watu waone tabaka zote mbili. Mlingoti uchomekwe kiini kikiwa bado kibichi, mkichelewa mtakipasua.

Seremala_Kirumba

Mbao zikateni vipande vikubwa sasa hivi, mzipange kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite, na mziweke kwenye ukumbi uleule wa maonesho kama mnaruhusiwa. Mifereji ya sentimita 2 ipigeni mwishoni, zikishazoea hewa ya pale. Mkizikata kwenye karakana kavu halafu mkazileta ufukweni, mikono itavimba haitaingia kwenye bloku, na mkiipiga nyundo kwa nguvu mashavu ya bloku yatapasuka. Tengenezeni bloku ndogo tano sita za ziada.